Mgombea Wetu Si Mtuhumiwa: Flashi na Picha za Sura, Ndani na Nje

(Haya ni mazungumzo niliyotoa mwaka 2024 kwa vijana wa timu za habari za kata na majimbo. Wengi mliomba maandishi. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema, nimepunguza utani na kuongeza namba chache kwa wale waliokuwa wanaandika pembeni.)

Makamanda. Nimepewa dakika arobaini na nimeambiwa baada yangu kuna chai, kwa hiyo najua mnaniangalia na kuangalia mlango.

Naanza na kitu ambacho wote mmekiona. Fungueni kurasa zetu za kata, angalieni picha za wagombea wetu. Mtu kasimama, mgongo umegusa ukuta wa bluu. Nyuma ya sikio kuna kivuli cheusi kimechorwa kama kwa kalamu. Paji la uso linameremeta jasho, macho yametoka, shingo imepotea. Halafu chini tumeandika "Mchagueni mama yetu, mtu wa watu." Jamani, ile si picha ya mtu wa watu. Ile ni picha ya mtuhumiwa. Kituo cha polisi wanapiga hivyo hivyo: ukuta, mtu, flashi ya usoni. Na watu wetu wengine wameshapigwa zile za kweli kituoni, hakuna haja sisi tuwaongezee nyingine.

Wenzetu wa upande wa pili wana wapiga picha wa kulipwa, wana taa kubwa, wana gari la kubebea hizo taa. Hatuwezi kushindana kwa gari. Lakini tofauti ya picha yao na yetu mara nyingi si gari wala kamera. Ni mwanga unatokea wapi. Hilo halina bei, na ndilo tutakaloongea leo.

Kuna sababu ya kihistoria pia kwa nini tuko hivi. Tangu 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, mpaka Januari 2023 zuio lilipoondolewa. Miaka zaidi ya sita. Kijana aliyejiunga na timu ya habari akiwa na miaka kumi na tisa amekulia kwenye vikao vya ndani: ofisi ya tawi, ukumbi wa kukodi wenye taa mbili, sebule ya mjumbe. Amejifunza kubonyeza flashi moja kwa moja kwa sababu kulikuwa na giza na hakuwa na namna. Halafu tukaruhusiwa kutoka nje, tukakutana na jua la saa saba, nalo likatushinda. Sasa Novemba tuna serikali za mitaa na mwakani uchaguzi mkuu. Tunahitaji kujua yote mawili, ndani na nje.

Sasa flashi yenyewe. Mambo mawili tu ukiyashika, mengine yote yanatokana nayo.

La kwanza, mwanga wa flashi unapungua haraka sana kadiri unavyoenda mbali. Mtu aliye mita moja akipata mwanga wote, wa mita mbili anapata robo yake, wa mita nne anapata sehemu moja ya kumi na sita. Siyo nusu, robo. Ndiyo maana ukipiga meza ya viongozi kutoka pembeni, katibu aliye karibu anakuwa mweupe kama karatasi na mwenyekiti kule mwisho hata humjui. Haikuwa kamera mbovu. Ulisimama vibaya. Nenda katikati, rudi nyuma, umbali wa kila mtu ukaribiane.

La pili, mwanga mdogo unatoa kivuli kikali na mwanga mkubwa unatoa kivuli laini. Ukubwa ninaousema si nguvu, ni upana. Kile kioo cha flashi ni kidogo, upana wake haufiki hata kiberiti viwili. Mwanga ukitoka kwenye kitu kidogo namna hiyo unakata kama kisu. Ukiufanya utoke kwenye kitu kipana, ukuta, dari, shuka, mwavuli, unamzunguka mtu, unaingia hata chini ya kidevu. Kwa hiyo kazi yako yote ni kuuliza: hapa nilipo, kitu gani kipana cheupe naweza kukipiga flashi ili kiwe ndiyo taa yangu?

Ndani ya ofisi ya tawi jibu la kwanza ni dari. Geuza kichwa cha flashi juu, na kama kinazunguka kigeuze juu na nyuma kidogo, kwenye kona ya dari na ukuta ulio nyuma yako. Dari la gipsamu jeupe ni taa ya bure. Anza hivi: ISO 800, f/4, kasi ya shata 1/80, flashi robo ya nguvu yaani 1/4. Ikiwa giza, panda 1/2. Ikiwa nyeupe sana, shuka 1/8. Msiachie kamera iamue yenyewe mkiwa mnajifunza, maana ikikutana na mtu aliyevaa kanzu nyeupe inaamua hivi na ikikutana na aliyevaa suti nyeusi inaamua vingine, na ninyi hamtajua kwa nini picha zinabadilika.

Lakini najua ofisi zetu. Nusu hazina dari, juu ni mabati na mbao. Mabati yanarudisha mwanga hovyo hovyo, mbao zinaumeza na ule unaobaki unarudi wa njano. Ukuta nao umepakwa kijani ya hospitali, ukiupiga flashi mgombea anatoka mgonjwa. Hapo usipambane na jengo. Chukua bango la zamani la flex, lile la uchaguzi uliopita ambalo limekunjwa stoo, ligeuze. Mgongo wake mweupe. Watu wawili walishike pembeni ya mgombea, mita moja na nusu hivi kutoka kwake, juu kidogo ya usawa wa macho, upige flashi kwenye bango na siyo kwa mgombea. Hiyo ni taa ya studio. Imewahi kutangaza sera, sasa inatangaza sura.

Mtoe mtu ukutani. Hili nitalirudia mpaka mchoke. Hatua mbili, mita moja na nusu, kama chumba kinaruhusu mita mbili. Kivuli kinaangukia sakafuni badala ya kuangukia ukutani, na ukuta wenyewe unapata mwanga kidogo, unafifia nyuma, sura inakuja mbele. Hatua mbili tu na ile picha ya kituo cha polisi imekwisha.

Sasa kuhusu kasi ya shata, kuna kitu kinachanganya wengi. Flashi inawaka kwa muda mfupi mno, mfupi kuliko kasi ya kawaida ya shata. Kwa hiyo ukibadilisha shata kutoka 1/60 kwenda 1/125, mwanga wa flashi usoni haubadiliki. Kinachobadilika ni mwanga wa chumba: taa za dari, dirisha, watu waliokaa nyuma. Tundu la lenzi na ISO vinagusa vyote viwili. Ukielewa hapo umepata funguo mbili tofauti. Unataka ukumbi uonekane umejaa watu nyuma ya mgombea? Shusha shata 1/60, hata 1/30 kama mkono umetulia. Unataka nyuma pawe giza kwa sababu kuna ndoo na mafagio? Pandisha 1/160. Ila usivuke 1/200 au 1/250, inategemea kamera yako, kwa sababu utaona utepe mweusi umekata picha upande mmoja. Ule utepe ni pazia la shata, flashi imeliwahi likiwa halijafunguka lote.

Wenye miwani. Wazee wetu wengi wana miwani na picha zao zinatoka na mabulungutu mawili meupe badala ya macho. Usimwambie mzee avue. Mtu anayemjua kwa miwani hatamtambua kwenye karatasi. Pandisha taa juu zaidi na uisogeze pembeni, mwombe ashushe kidevu kidogo tu. Mwanga unaopiga kioo unarudi chini badala ya kuja kwenye lenzi. Jasho nalo: kuwa na leso safi au tishu kwenye begi, mpe ajifute mwenyewe, usimfute mtu mzima uso.

Nataka nikae kidogo kwenye suala la ngozi, maana naona watu wanalikwepa. Sisi ni weusi, na wengine wetu ni weusi sana, na kamera na filamu hazikutengenezwa zikitufikiria. Maabara za Kodak kwa miaka mingi zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo. Kisa cha Polaroid ndicho kinachonikaa zaidi. Walikuwa na kamera ya vitambulisho, ID-2, yenye lenzi mbili za kupiga uso na upande, na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi. Nguvu hiyo ya ziada inatajwa mpaka leo kwamba ilifaa kupigia ngozi nyeusi. Na Afrika Kusini ya makaburu vifaa vya Polaroid vilikuwa vinatengeneza picha za vile vitabu vya pasi ambavyo Mwafrika alilazimishwa kutembea navyo. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo hiyo kule Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua, wakaanzisha harakati wakitaka kampuni iondoke. Hunter alifukuzwa kazi. Mwaka 1977 Polaroid ikajitoa Afrika Kusini.

Nimewaambia hayo kwa sababu mbili. Moja, kwamba nguvu ya flashi na ngozi yetu limewahi kuwa jambo la siasa, siyo la mafundi peke yao. Pili, kwamba suluhisho la kuongeza nguvu tu na kumpiga mtu usoni ni suluhisho la mtu anayetaka kukutambua, hana haja ya kukuona. Ngozi nyeusi haihitaji mwanga mkali. Inahitaji mwanga mpana. Inang'aa vizuri ikiwa kuna kitu kikubwa cheupe pembeni cha kung'aria. Weka bango lako pembeni, digrii arobaini na tano hivi, utaona mstari wa mwanga unatembea kwenye shavu na kwenye mfupa wa pua, na sura inapata umbo. Flashi ya mbele inalipiga umbo hilo pasi.

Na mkipiga watu wawili, mmoja mweusi sana na mmoja maji ya kunde, mweusi zaidi ndiye akae upande wa taa. Watu wanafanya kinyume kila siku. Na tafadhali msimng'arishe mtu kwenye simu baadaye mpaka abadilike rangi. Kuna mama mmoja nimewahi kumwona analitazama bango lake mwenyewe na kuuliza, "Huyu ni nani?"

Tutoke nje.

Mkutano wa hadhara unaanza saa nane, wagombea wanafika saa saba, unaambiwa "mpige haraka kabla hajapanda jukwaani." Jua liko utosini. Kofia ya chama inamwaga kivuli mpaka mdomoni, macho ni mashimo mawili. Wengi wenu mtasema, jua lote hili flashi ya nini? Hapo ndipo flashi inapohitajika kuliko usiku.

Fanya hivi. Mgeuze mtu jua liwe nyuma yake au nyuma begani. Hatakunja uso tena, na jua litamchora mstari mzuri kwenye nywele na mabega. Uso sasa uko kivulini. Weka ISO 100, shata 1/200, f/11. Hiyo inatosha kwa jua kali la kwetu, anga litakuwa bluu, umati utaonekana. Piga bila flashi kwanza: uso mweusi tii. Sasa washa flashi. Ukiwa mita moja na nusu kutoka kwake, na flashi ya kawaida hizi za betri nne, anza na 1/8. Uso unafunguka, macho yanapata nukta ndogo ya uhai. Ukipanda 1/4 uso unakaribia kulingana na jua, na kwa macho yangu hapo picha inaanza kunuka uongo, kama mtu amekatwa na kubandikwa. Mimi naacha flashi nyuma ya jua hatua moja. Mtu akiitazama asijue kuna flashi.

Mnaopenda hesabu: kila flashi ina namba yake ya mwongozo kwenye karatasi yake. Gawa ile namba kwa umbali wa mita, unapata f ya nguvu kamili kwa ISO 100. Namba 36, umbali mita 3, ni f/12. Kwa hiyo mchana, kwa f/11, ukizidi mita tatu flashi ya namna hiyo imekwisha nguvu, unapoteza betri. Mnaosimama mita kumi na tano kutoka jukwaani na kuwasha flashi saa nane mchana, mnawamulika waliokaa mbele yenu tu.

Ukitumia mwavuli mweupe wa picha unapata ulaini lakini unapoteza nguvu, na nje upepo utaubeba na stendi yake, kwa hiyo mtu aushike. Na naomba nieleweke hapa: mwavuli wa chama si mwavuli wa picha. Nimeona kijana amempigia mgombea flashi kupitia mwavuli wa chama. Uso ulitoka na rangi za chama. Ni uzalendo, lakini hapana.

Jioni, saa kumi na mbili kasoro, jua linakuwa la dhahabu na flashi ni nyeupe ya ubaridi, mtu anaonekana kama yuko kwenye jokofu mbele ya machweo. Bandika kipande cha plastiki ya rangi ya chungwa mbele ya kioo cha flashi, zile nyembamba za mapiga picha. Kipande kimoja kinakaa miaka.

Vifaa, nitapita haraka. Flashi yoyote yenye kichwa kinachogeuka na unayoweza kuipangia nguvu kwa mkono inatosha, ya mtumba pia. Ukiweza, nunua na triga ya redio ili flashi itoke juu ya kamera, hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko kubadilisha kamera. Betri za kuchaji, seti mbili. Wenye simu tu: ile taa ya simu siyo flashi, ni tochi, haina nguvu ya kushindana na jua. Lakini ndani, tochi ya simu ya mwenzako ikipigwa kwenye karatasi nyeupe au fulana nyeupe pembeni ya mtu ni taa halali. Nje, tafuta kivuli cha mwembe na ukuta mweupe mkabala, utapata picha bila taa yoyote.

Sasa jambo ambalo ndilo lilinifanya nikubali kuja.

Flashi ikiwaka, kila mtu ukumbini anajua kuna mtu amepigwa picha. Kwa mgombea si tatizo, ameshachagua kuonekana. Lakini kwenye vikao vyetu wanakuja watu ambao hawajachagua hivyo. Mwalimu. Nesi wa zahanati. Mama lishe ambaye kibanda chake kiko kwenye eneo la mtu. Anakuja anakaa safu ya nyuma, anasikiliza, anaondoka. Ukimmulika, anaweza asirudi tena, na ukiweka sura yake mtandaoni, anaweza kuulizwa Jumatatu kazini. Wewe umepata likes themanini.

Kwa hiyo unaomba kwanza. Siyo "Mama cheka hapa!" halafu paa. Unasogea, unainama. "Shikamoo mama. Mimi ni wa timu ya habari ya kata. Naomba nikupige picha, tutaiweka kwenye ukurasa wa chama, watu wataiona. Sawa mama, au niache?" Na akisema niache, unasema asante mama, na unaacha kweli, hujifanyi unapiga wa pembeni. Akikubali leo na kesho akipiga simu kusema nitoeni, anatolewa siku hiyo hiyo, bila kuhojiwa.

Kuna wanaosema, basi tutampiga kivuli, dirisha liwe nyuma yake, tuzime flashi, awe mweusi asijulikane. Wazo zuri ila lina tundu. Faili la kamera linabeba vitu gizani ambavyo jicho halivioni. Mtu akiichukua picha yako na kupandisha mwanga kwenye programu ya bure, sura inarudi. Ukitaka kumlinda mtu, mgeuze. Piga mgongo, piga mikono iliyoshika katiba ya chama, piga viatu vyenye vumbi la safari. Na kwenye simu zima mahali kwenye mipangilio ya kamera, la sivyo faili lenyewe linabeba mahali sebule ya mjumbe ilipo.

Na mkiwa karibu na walinzi wa viongozi, waambieni kabla hamjawasha flashi usiku. Mwanga wa ghafla nyuma ya kiongozi, mlinzi hana muda wa kujiuliza ni kamera au ni nini. Watoto wachanga pia, msiwamulike kwa karibu, mama zao watawachukia na watakuwa na haki.

Swali la mwisho nililoulizwa nje na dada wa jimbo la jirani: tuna flashi moja kwa kata nne, tufanye nini? Msiizungushe siku ya mkutano, itakuwa njiani kwenye bodaboda muda wote. Pangeni siku moja, Jumapili mchana, wagombea wote wa kata nne waje ofisi moja yenye dari zuri. Dakika kumi kila mmoja. Picha moja ya bango, moja ya kipeperushi ikiwa imesimama wima, moja anacheka. Andikeni majina kamili kwa kufuata namba za picha pale pale, kwa sababu wiki mbili baadaye mtakuwa na wanaume kumi na wawili wenye mashati meupe na hakuna anayekumbuka nani ni wa mtaa gani.

Haya, chai. Tukimaliza tunatoka uwanjani, saa saba inakaribia na jua liko pale ninapolitaka. Wawili wawili, flashi moja kwa kila wawili, mmoja anapiga na mmoja anapigwa, halafu mnabadilishana. Wenye miwani msijifiche, nawahitaji. Betri zilizochajiwa ziko kwenye boksi la viatu pale mezani, zenye alama nyekundu bado.